Nyumbani au Ofisini: Nani Anafaidika, Nani Anagharamia

Nilipoanza kazi ya uhariri, meza yangu ilikuwa hatua tatu tu kutoka kwa mhariri aliyekuwa ameifanya kazi hiyo kwa zaidi ya miaka 20. Siku moja nilimpelekea makala niliyoamini kuwa imekamilika. Aliisoma kimya, akavuta kiti cha pembeni na kuniashiria niketi, kisha akaweka ncha ya kalamu chini ya sentensi moja na kuniuliza, “Hapa nani kafanya nini?” Niliisoma sentensi ile mara tatu na sikumwona mtenda, nilikuwa nimemficha nyuma ya vitenzi vya kutendwa bila mwenyewe kujua. Tulikaa pale kama robo saa tukiipitia aya moja baada ya nyingine. Nilirudi mezani kwangu nikiwa nimejifunza jambo linaloniongoza hadi leo, naye akarudi kwenye rundo lake la kurasa akiwa amechelewa, na jioni hiyo alikuwa wa mwisho kutoka.

Robo saa ile huikumbuka kila ninaposikia watu wakibishana kama kazi ifanyiwe nyumbani au wafanyakazi warejee ofisini. Mimi niliyefaidika na ofisi siku ile sikuigharamia, na aliyeigharamia hakufaidika nayo. Nadhani hapo ndipo ulipo ugumu wa mjadala huu. Karibu kila anayeuzungumzia huuliza swali moja tu, kwamba watu huzalisha zaidi wakiwa wapi, na hutarajia jibu moja, ilhali faida na gharama za kila mpango huangukia watu tofauti kwa nyakati tofauti, na wastani unaowajumlisha wote hauonyeshi hali ya yeyote kati yao.

Kwanza ni lazima tutenganishe mipango miwili ambayo huchanganywa kila siku. Kuna mfanyakazi ambaye haendi ofisini kabisa, labda mara moja kwa miezi kadhaa, na kuna mwenye mpango wa mseto, anayekwenda siku mbili au tatu kwa wiki na siku nyingine akabaki nyumbani. Ushahidi kuhusu mmoja haumhusu mwenzake, na makala nyingi zinazotangaza kwamba kazi ya nyumbani imeshindwa au imefaulu haziwaambii wasomaji wake ni mpango upi uliopimwa. Pia tukumbuke kwamba mjadala wote huu ni wa watu wachache kuliko kelele zake zinavyoonyesha. Mwaka 2020 wachumi Jonathan Dingel na Brent Neiman walikadiria kwamba ni asilimia 37 tu ya kazi za Marekani zinazoweza kufanyiwa nyumbani kikamilifu, na kwamba kiwango hicho kwa kawaida huwa kidogo zaidi katika nchi zenye kipato cha chini. Muuguzi, dereva, mwashi na muuza duka hawakuulizwa wanapendelea wapi.

Wazo lenyewe si la jana. Mwaka 1973, wakati bei ya mafuta ilipopanda ghafla duniani, Jack Nilles, mhandisi aliyetoka kwenye miradi ya anga na mawasiliano, alikuwa katika Chuo Kikuu cha Southern California akiuliza kwa nini watu wasafiri kuifuata kazi ikiwa kazi yenyewe inaweza kusafirishwa kwa waya hadi walipo. Jambo linalosahaulika ni kwamba Nilles hakuanza kwa kuwabakiza watu majumbani. Katika jaribio lake la mwanzo, lililofanywa na kampuni ya bima, wafanyakazi waliwekwa kwenye ofisi ndogo zilizokuwa karibu na makazi yao, ili waepuke safari ndefu bila kuwakosa wenzao wa kukaa nao. Nasikitika kwamba njia hiyo ya tatu haitajwi sana siku hizi, kwa maana matatizo mengi nitakayoyaeleza hapa chini yangekuwa mepesi kwayo.

Kazi ya mbali ilikua polepole kwa miongo minne, kisha mwezi Machi 2020, Shirika la Afya Duniani lilipotangaza janga la UVIKO-19, mamilioni ya watu walijikuta wakifanyia kazi kwenye meza za kulia chakula ndani ya wiki chache. Tangu hapo tafiti zimeongezeka, na mtu asiyezisoma kwa makini ataona zinapingana. Nitazieleza mbili kwa kirefu, kwa sababu tofauti yake inafundisha kuliko matokeo ya yoyote kati yake.

Utafiti wa kwanza ulianza mwaka 2010 nchini China katika Ctrip, kampuni ya usafiri ambayo leo inaitwa Trip.com, ukisimamiwa na mchumi Nicholas Bloom wa Chuo Kikuu cha Stanford pamoja na wenzake. Wafanyakazi 249 wa kupokea simu za wateja, wote wakiwa wamejitolea kushiriki, waligawanywa kwa tarehe zao za kuzaliwa: waliozaliwa tarehe zinazogawanyika kwa mbili walifanyia kazi nyumbani siku nne kwa wiki, na wengine walibaki ofisini. Baada ya miezi tisa, utendaji wa waliokuwa nyumbani ulikuwa umepanda kwa asilimia 13, na walioacha kazi miongoni mwao walikuwa nusu ya walioacha upande wa pili. Sehemu kubwa ya ongezeko hilo haikutokana na ustadi mpya bali na dakika: mapumziko mafupi zaidi, siku chache zaidi za ugonjwa. Sehemu iliyobaki ilitokana na kupokea simu nyingi zaidi kwa kila dakika, jambo ambalo wafanyakazi walilihusisha na utulivu wa nyumbani.

Utafiti wa pili ulifanywa Chennai, India, na David Atkin, Antoinette Schoar na Sumit Shinde, na matokeo yake yalitolewa mwaka 2023. Hapa kazi ilikuwa kuingiza data kwenye kompyuta, na wafanyakazi walipangiwa nyumbani au ofisini kwa bahati nasibu. Waliofanyia nyumbani walikuwa na tija ndogo kwa asilimia 18. Theluthi mbili ya pengo hilo ilionekana tangu siku ya kwanza, na theluthi iliyobaki ilijengeka kidogo kidogo kwa sababu waliokuwa ofisini walijifunza kazi haraka zaidi.

Kazi zote mbili hazihitaji majadiliano mengi, zote mbili huhesabika kwa namba, na matokeo yamekwenda pande mbili zilizo kinyume. Jibu limo kwenye masharti ya jaribio la Ctrip, ambayo wengi huyaruka. Ili mtu akubaliwe pale, ilimpasa awe amefanya kazi hiyo kwa angalau miezi sita, awe na intaneti ya uhakika, na awe na chumba chake cha kufanyia kazi. Wale wa Chennai walikuwa wageni kazini, na nyumba zao zilikuwa za kila aina. Kwa hiyo jaribio moja lilimpima mtu anayeijua kazi akiwa na mlango wa kufunga, na jingine likampima mtu anayejifunza kazi akiwa katika nyumba yenye shughuli zake. Neno “nyumbani” lilikuwa moja, lakini mahali palipopimwa palikuwa pawili.

Utafiti wa Chennai una jambo jingine ambalo, kwa maoni yangu, lina uzito kuliko asilimia 18 zenyewe. Watafiti waliwauliza wafanyakazi mapema wangependa kufanyia wapi, kisha wakawapangia bila kujali walichojibu. Iligundulika kwamba waliopendelea nyumbani ndio waliopoteza zaidi walipokuwa nyumbani: tija yao ilishuka kwa asilimia 27 ikilinganishwa na ofisini, ilhali ya waliopendelea ofisi ilishuka kwa asilimia 13. Mtu angeweza kuharakisha kusema kwamba hao walitaka nyumbani ili wapumzike. Lakini sehemu ya maelezo ni kwamba waliohitaji zaidi kubaki nyumbani walikuwa wenye watoto, wenye wagonjwa au wazee wa kuwatunza, na wa kaya maskini, yaani wale ambao nyumba zao hazikujengwa kuwa ofisi. Mama anayeingiza data huku mtoto amemshika mguu si mvivu. Ana kazi mbili, na moja kati yake hailipwi wala haionekani kwenye takwimu. Ukimnyima nyumbani, huenda asiweze kuja kabisa. Ukimpa nyumbani, kipimo chako kitamwonyesha kuwa mfanyakazi dhaifu. Wastani wowote utakaoupata hautakueleza habari zake.

Sasa turudi kwenye kile kiti cha pembeni. Wachumi Natalia Emanuel, Emma Harrington na Amanda Pallais waliwachunguza wahandisi wa programu wa kampuni moja kubwa ambayo ofisi zake zilikuwa kwenye majengo mawili, mwendo wa dakika kadhaa kwa miguu. Timu nyingine zilikaa zote katika jengo moja, nyingine ziligawanyika. Kwa kuwa kila programu iliyoandikwa ilipitiwa na mwenzake na maoni yakabaki yameandikwa, watafiti waliweza kuhesabu maoni hayo. Wahandisi waliokaa na timu zao walipata maoni mengi zaidi kuhusu kazi zao, hasa wale wachanga na wageni. Ofisi zilipofungwa mwaka 2020 na wote wakaenda nyumbani, sehemu kubwa ya tofauti hiyo ilitoweka. Halafu kuna upande wa pili wa hesabu: wahandisi wazoefu waliokaa karibu na wenzao waliandika programu chache zaidi, kwa sababu muda wao ulikwenda kwenye kufundisha. Walipokwenda mbali, uzalishaji wao ulipanda.

Ona jinsi jambo hili linavyomdanganya msimamizi anayetazama jedwali la mwezi. Siku watu wanapopelekwa nyumbani, wazoefu huzalisha zaidi mara moja, na jedwali hufurahisha. Hasara iko kwa kijana ambaye hakuulizwa mtenda yuko wapi, na hasara hiyo haitaonekana mwezi huu wala mwezi ujao. Itaonekana baada ya miaka, wazoefu watakapostaafu au kuhama na ikagundulika kwamba waliobaki hawakuwahi kukaa pembeni ya mtu. Utafiti huohuo ulionyesha pia kwamba mwenzenu mmoja tu akiwa mbali, hata wale mliokaa pamoja hupeana maoni machache. Sababu yake si ngumu kuielewa: kwa ajili ya huyo mmoja mkutano wa wote huhamia mtandaoni, na mkutano wa mtandaoni ukiisha hakuna mnaotoka nao mlangoni mkiendelea kuzungumza.

Umbali hugusa pia mawasiliano kati ya timu na timu. Uchunguzi uliofanywa ndani ya Microsoft kwa wafanyakazi wake zaidi ya 61,000 nchini Marekani katika nusu ya kwanza ya mwaka 2020 ulionyesha kwamba baada ya wote kwenda nyumbani, watu walizidi kuzungumza na wale waliokwisha kuwazoea, na viungo vinavyounganisha idara moja na nyingine vikapungua. Kazi za kila siku ziliendelea. Kilichopungua ni kukutana na mtu usiyemtafuta.

Kwa mtu aliyekwisha kujifunza kazi yake, mizani huelemea upande mwingine, na uzito mkubwa upande huo ni safari. Katika uchunguzi uliohusisha nchi 27, wachumi walikuta kwamba siku moja ya kufanyia kazi nyumbani humwokolea mtu wastani wa dakika 72 za kwenda na kurudi. Waajiri wanaolalamika wangefaa kujua dakika hizo huenda wapi: karibu asilimia 40 yake hurudi kwenye kazi, asilimia 34 huenda kwenye mapumziko, na asilimia 11 kwenye kuwatunza watoto na wengine. Saa moja na dakika 12 ni muda wa kumwogesha mtoto, kumsikiliza akisoma na kula naye kabla hajalala. Mtu aliyewahi kufika nyumbani kila siku akakuta taa ya chumba cha mtoto imezimwa haoni hilo kuwa anasa, na nashangaa ninapoona likitajwa kana kwamba ni upendeleo wa kudekezwa.

Kwa nini basi wasimamizi wengi wana wasiwasi? Mwaka 2022 Microsoft iliwauliza watu wa nchi kadhaa kuhusu jambo hili. Asilimia 87 ya wafanyakazi walisema wanazalisha vizuri, na asilimia 85 ya viongozi walisema kazi ya mseto imewawia vigumu kuwa na uhakika kwamba watu wao wanazalisha. Inawezekana pande zote mbili zilisema kweli. Msimamizi aliyezoea kuipima kazi kwa kumwona mtu amekaa kitini anaposikia kwamba kiti ni kitupu hana kipimo kingine cha kushika, na huyo mfanyakazi anaweza kuwa anafanya kazi vizuri kabisa bila msimamizi kuwa na namna ya kujua. Baadhi ya kampuni zilijaribu kuziba pengo hilo kwa programu zinazohesabu mibonyezo ya kibodi na mienendo ya kipanya, na punde wakatokea wauzaji wa vifaa vidogo vya kukitikisa kipanya peke yake. Programu hizo zilipima mkono, wakati kazi iliyokuwa ikitafutwa ilikuwa ya kichwa. Ofisi nayo haikuwahi kuwa kipimo bora. Ilikuwa inampa msimamizi utulivu wa moyo tu, na kukaa kitini saa nane kulihesabiwa kuwa kazi ya saa nane.

Amri za kuwarudisha watu ofisini zinapaswa kusomwa kwa kuzingatia hayo yote. Yahoo ilitoa amri yake mwaka 2013, IBM ikawaita maelfu ya watu wake mwaka 2017, na Amazon ikatangaza Septemba 2024 kwamba wafanyakazi wake wa ofisini watahudhuria siku tano kwa wiki kuanzia Januari 2025. Sababu zinazotajwa ni ushirikiano, ubunifu na utamaduni wa kampuni, nami sizipuuzi, kwa kuwa kile kiti cha pembeni ni sehemu ya hayo. Lakini zipo sababu nyingine zisizotajwa sana. Mikataba ya kupanga majengo ya ofisi mara nyingi hudumu miaka mingi, na sakafu tupu inayolipiwa kodi humuumiza aliyeisaini. Vilevile, amri kali hupunguza idadi ya wafanyakazi bila mtu kufukuzwa, kwa maana wengine wataondoka wenyewe. Tatizo la njia hiyo ni kwamba anayeweza kuondoka haraka ni yule anayetafutwa na kampuni nyingine, na mara nyingi huyo ndiye mzoefu uliyemwita ofisini ili awafundishe wageni.

Kuhusu mseto, tuna jaribio lenye uzito, tena katika kampuni ileile iliyokuwa ikiitwa Ctrip. Mwaka 2021 na 2022 Trip.com iliwagawa wafanyakazi 1,612, safari hii wakiwemo wahandisi, watu wa masoko na wa fedha, tena kwa tarehe za kuzaliwa. Kundi moja liliruhusiwa kubaki nyumbani Jumatano na Ijumaa. Jingine lilikuja siku zote tano. Matokeo, yaliyochapishwa katika jarida la Nature mwaka 2024, hayakuonyesha tofauti yoyote katika tathmini za kazi wala katika kupandishwa vyeo kwa muda wa miaka miwili. Walioacha kazi walipungua kwa theluthi moja, na upungufu huo ulionekana hasa kwa wasio mameneja, kwa wanawake, na kwa wanaoishi mbali na ofisi. Mameneja wenyewe, ambao kabla ya jaribio walitarajia kwa wastani kwamba tija ingeshuka kwa asilimia 2.6, baada yake walikadiria kwamba imepanda kwa asilimia 1.0.

Naomba msomaji aitazame ratiba yenyewe, kwa sababu naamini ndimo ilimo nguvu ya mpango ule. Siku za nyumbani zilikuwa zilezile kwa wote walioruhusiwa. Jumatatu, Jumanne na Alhamisi kila mtu alijua mwenzake yupo. Katika kampuni nyingi nilizoziona, mseto huwa na maana nyingine: kila mtu huchagua siku zake, na matokeo yake ni kwamba mgeni husafiri Jumanne hadi ofisini, akawasha kompyuta, akavaa vipokea sauti na kushinda kwenye mikutano ya video na wenzake waliobaki nyumbani. Amelipa gharama yote ya ofisi, yaani nauli, muda na uchovu, na hakupata hata moja ya faida zake. Ukimwuliza mtu kama huyo, atakwambia mseto haufai, na hatakuwa amekosea.

Bado kuna gharama ndogondogo ambazo zilihama kimyakimya kutoka kwa mwajiri kwenda kwa mwajiriwa: umeme, intaneti, kiti, na kile chumba chenye mlango. Ureno ililitambua hilo katika sheria yake ya mwaka 2021, iliyomtaka mwajiri afidie gharama za ziada za kazi ya mbali na ajizuie kumtafuta mfanyakazi nje ya saa za kazi. Ufaransa nayo ilikuwa imekwisha kuweka kisheria, tangu mwaka 2017, haki ya mfanyakazi ya kujitenga na vyombo vya mawasiliano vya kazi muda wa kazi unapokwisha. Ni sheria zilizouliza swali sahihi la nani analipa, ingawa zimegusa upande mmoja tu wa malipo hayo, ule wa nyumbani.

Upande wa ofisini bado haujaguswa. Mahali pengi nilipofanya kazi, fomu ya tathmini ya mwaka ilikuwa na safu ya kazi zilizokamilishwa, safu ya tarehe za mwisho zilizozingatiwa, na safu ya malengo ya mwaka ujao. Sijawahi kukuta safu ya saa ambazo mtu alizitumia kumwelekeza mgeni. Mhariri yule aliyeniuliza mtenda yuko wapi alitathminiwa kwa kurasa alizozipitisha, na robo saa aliyonipa ilihesabika kama kurasa ambazo hakuzipitisha. Fomu ikibaki hivyo, mzoefu aliyeamriwa kurudi atakuja, atakaa hatua tatu kutoka kwa kijana asiyejua aanzie wapi, na atainamia jedwali lake hadi saa ya kutoka.